Goti la Jumamosi ya Umuganda

Hospitali niliyofanyia kazi ilikuwa na mashine moja ya MRI, na katika ukumbi wa mashine hiyo palikuwa na benchi. Lilikuwa benchi la mbao, refu, na juu yake ukutani palibandikwa kanuni kwa lugha tatu: mgonjwa aliyekuja kupimwa unene wa gegedu la goti akae kwanza nusu saa, miguu ameinyoosha juu ya benchi, asisimame wala asichuchumae, ndipo aingizwe. Kanuni hiyo tuliiandika watu watatu tuliobishana juu ya kila neno lake. Sitaisifu hapa. Nitaeleza tu ilikuwa ya nini.

Gegedu ni lile tabaka jeupe na laini linalofunika ncha za mifupa pale inapokutana, ili mfupa usisuguane na mfupa. Sehemu yake kubwa ni maji. Likielemewa na uzito hubonyea na maji hujitenga nalo. Likipumzishwa, maji hurejea na unene hurejea. Eksirei hailioni kabisa: huona mifupa, kisha sisi hukisia hali ya gegedu kutokana na pengo lililobaki kati ya mifupa hiyo. MRI hulionyesha gegedu lenyewe, na huonyesha pia uboho ulio chini yake, na vijimfupa vinavyoota pembezoni mwa kiungo kinachochakaa. Ni uwezo mkubwa, nao una sharti. Ugonjwa hula gegedu polepole mno, na kile kinacholiwa kwa mwaka mzima hakipishani sana kwa ukubwa na kile kinachobonyezwa na asubuhi moja ya kazi nzito. Anayepima bila kumpumzisha mgonjwa amepima kitu, lakini hajui ni kitu gani.

Kwetu ni Biryogo, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya jikoni na ya msikitini. Mwalimu wangu wa fikihi pale madrasani alikuwa na desturi ya kutukatiza kila tulipofanya kiyasi, yaani kutoa hukumu kwa kulinganisha jambo na jambo. "Umelinganisha," husema. "Je, hali ni moja?" Asiyeweza kujibu aliambiwa akae chini. Nilipokuwa daktari wa picha sikuona haja ya kutafuta swali jingine. Nililihamishia hilohilo kwenye magoti.

Huko Biryogo anaishi mama yangu mdogo, mdogo wake marehemu mama, aliyenilea. Ni mshonaji. Sehemu kubwa ya maisha yake ameipitisha nyuma ya cherehani ya miguu, katika kibaraza kilekile, ubavuni mwa jirani yake ambaye naye ni mshonaji, na wawili hao hawajawahi kumaliza siku bila kutaniana. Goti lake la kulia lilianza kumuuma miaka michache iliyopita. Maumivu hakuyaogopa. Aliogopa kiti. Upande wa wanawake pale msikitini pana safu ya viti vya plastiki kwa wasioweza tena kukunja magoti, nao hukaa hapo wakainamisha vichwa tu wakati wenzao wanasujudu. Mama mdogo aliwaita abiria. "Mimi sijapanda gari bado," alikuwa akisema, kisha anashuka kusujudu taratibu, mkono mmoja sakafuni, akijivunia.

Mwaka wa kwanza nilimpeleka mwenyewe hospitalini kwa gari langu. Mgonjwa wa dharura alitangulizwa, kwa hiyo mama mdogo akakaa kwenye benchi muda mrefu kuliko kanuni ilivyotaka, miguu imenyooka, akapitiwa na usingizi. Sikusoma picha yake, kwa kuwa kwetu daktari hasomi picha ya ndugu yake. Mwenzangu aliisoma na kuandika kwamba gegedu limepungua upande wa ndani wa goti, mfupa ulio chini yake ni mzima, afanye mazoezi, arudi baada ya mwaka.

Katika mwaka huo mambo mawili yalibadilika. Tulipata mkuu mpya wa kitengo cha picha, mwanamke aliyekulia Uganda, hodari, mwepesi wa kuamua, aliyechukia kuona watu wamekaa. Kisha ikatangazwa kwamba timu ya madaktari wageni wa upasuaji itakuja kwa wiki moja kubadilisha magoti, na wagonjwa wasilipe chochote. Haikujulikana ingerudi tena lini.

Kuna jambo moja la nchi hii ambalo ni lazima liwekwe mahali pake. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda. Asubuhi majirani hutoka na majembe na makoleo, wakazibua mitaro, wakabeba udongo, wakapanda miti. Maduka hufungwa, magari husimama, na kazi ikiisha watu hukaa katika mkutano wa mtaa hadi karibu na saa tano. Naipenda siku hiyo, na sitaki mtu asome hapa lawama dhidi yake. Siku hiyo wagonjwa wa miadi wa hospitali yetu hawakuanza kupokelewa hadi saa sita mchana, na mkuu mpya alitaka wote wa siku nzima waishe kabla ya jioni. Alitazama ukumbi ukiwa umejaa watu walionyoosha miguu, akauliza wanangoja nini. Akaambiwa wanapumzika. Benchi likahamishiwa duka la dawa. Kanuni ilibaki ukutani.

Niliyajua haya kwa kuchelewa, kwa kuwa nilikuwa mjini Huye nikifundisha. Niliporudi nilikwenda Biryogo kusalimia, nikawakuta wote wawili kibarazani.

"Karibu, muganga," mama mdogo alisema bila kuondoa macho kwenye mshono. "Umekuja kunishika mkono kabla hawajanikata?"

"Wakukate nini, mama?"

"Goti, sha! Wageni wanakuja na magoti mapya ndani ya sanduku. Mimi na huyu tumeandikwa."

"Mimi nimeandikwa wa akiba," akadakia jirani, ambaye naye goti lake lilipigwa picha mwaka ule wa kwanza. "Yeye ndiye wa mbele. Wanasema goti lake linaisha mbio kuliko langu. Ona mtu huyu! Hata kwa kuchakaa lazima anishinde."

"Wivu utakuua kabla ya goti."

"Acha uniue, nitapata mazishi kabla yako."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikauliza nani amesema goti linaisha mbio.

"Mashine imesema," alijibu mama mdogo. "Wamelinganisha picha ya mwaka jana na hii ya sasa. Muganga wa mifupa akaniambia, mama, kwa mwendo huu, timu ikirudi siku nyingine hapatakuwa na kitu cha kuokoa. Afadhali sasa." Aliusimamisha mguu juu ya pedali. "Nikamuuliza kuhusu kusujudu. Akasema nitazoea kiti."

Alilitamka neno hilo kana kwamba linamhusu mtu mwingine. Nikamuuliza picha ya pili ilipigwa lini.

"Jumamosi ya umuganda. Tulizibua ule mtaro wa chini, uliojaa taka. Nimechuchumaa asubuhi nzima natoa matope kwa karai, huyu anapokea."

"Nilipokea mazito," alisema jirani.

"Ulipokea maneno. Halafu mkutano, tumesimama. Halafu pikipiki haziko, tukaenda kwa miguu, kushuka bonde, kupanda kilima. Yule kijana wa mashine alipotuona akasema, wamama, naweni miguu kwanza, mtaniharibia kitanda. Akaniingiza palepale."

"Hamkukaa kwenye benchi?"

"Benchi gani? Haiko benchi pale. Tulisimama ukutani kama wanafunzi waliochelewa."

Nilimwomba ruhusa ya kutazama picha zake, si kuzisoma rasmi. Akaniambia nizitazame hadi nichoke, mradi nisizitundike sebuleni kwangu Remera.

Nilizitazama kesho yake asubuhi, ya mwaka wa kwanza kushoto na ya sasa kulia, na kadiri nilivyozidi kutazama ndivyo nilivyozidi kukasirika, kwa kuwa jibu halikuwa limefichwa. Ugonjwa wa kuchakaa una tabia zake. Huanza mahali, hutafuna hapo zaidi, huacha kingo zilizochimbika, na mfupa ulio chini hulalamika: uboho hujaa maji na kung'aa pichani, vijimfupa vya pembeni hurefuka. Katika picha ya pili mfupa haukulalamika hata kidogo. Uboho ulikuwa uleule, pembezo zilezile. Mahali gegedu lilipokwisha kupungua mwaka wa kwanza hapakuongezeka shimo. Gegedu lilichokuwa limefanya ni kukonda kila mahali panapobeba uzito mtu anapochuchumaa na kupanda mlima, kwa ulinganifu, kama godoro lililotoka kulaliwa. Mfupa hausingiziwi na asubuhi moja, gegedu husingiziwa. Aliyekuwa na macho na dakika chache za utulivu angeona kwamba vitu viwili vilivyokaa pamoja vinatoa ushahidi unaopingana, na angeuliza kwa nini. Lakini programu ya kompyuta ilikuwa imetoa namba ya gegedu, namba ikaandikwa kwenye ripoti, na mfupa ukatajwa katika sentensi ya mwisho: "hakuna mabadiliko". Hakuna aliyeshangaa.

Nilikwenda kwa mkuu wa kitengo. Tulizungumza Kinyarwanda kilichochanganyika na mengine mengi; nayaandika kama nilivyoyaelewa.

"Huyu ni nani kwako?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Ni mama yangu mdogo."

"Basi, Profesa, kabla hatujaendelea. Unasema na mimi kama daktari, au kama mtoto wake?"

"Nasema nawe kama mtu aliyesoma kanuni iliyo ukutani mwako."

"Kanuni iliandikwa wakati tulikuwa na wagonjwa wachache. Unajua foleni iliyopo? Watu wanangoja miezi. Wewe unataka nusu saa ya mtu kunyoosha miguu."

"Nusu saa hiyo ndiyo kipimo. Kinachofuata ni kelele za mashine."

"Mashine ni ileile, koili inayofungwa gotini ni ileile, aliyeipiga ni yuleyule. Unataka nini zaidi?"

"Goti lileile."

Alinitazama kwa subira, jinsi mtu anavyomtazama mzee anayelalamika kwamba chumvi ya siku hizi haina ladha. Akasema nafasi ya kurudia hakuna. Kila saa ya mashine ina mwenyewe mpaka wageni waondoke. Akaongeza, kwa upole uliozidi kuniwasha, kwamba anaelewa ni vigumu kukubali mzazi anazeeka.

Nilitoka nje. Nimebishana na watu maisha yangu yote na sijali kushindwa kwa hoja. Hapa palikuwa na kitu kingine. Hakunijibu hoja yangu. Aliitafutia ukoo, akaona ina mama, akaitupa.

Kumpeleka mama mdogo kwenye mashine ya hospitali nyingine lilikuwa wazo la kwanza la kila niliyemsimulia, nalo lilikuwa bure. Mashine mbili hazipimi sawasawa. Ningefanya kosa lilelile kwa mlango mwingine. Ilibidi iwe mashine ileile. Na mimi nilikuwa na saa moja tu katika wiki nzima, asubuhi ya Jumanne, ambayo hakuna aliyeweza kuninyang'anya: saa ya kufundishia. Kwa desturi mwanafunzi mmoja hujilaza, wenzake wakajifunza kwa goti lake. Jumanne iliyofuata nilimfuata mama mdogo Biryogo, nikaegesha gari karibu kabisa na kibaraza, nikamkataza kutembea hadi dukani kununua sukari. Benchi tulilifuata wenyewe duka la dawa, mimi na wanafunzi wangu, tukalirudisha ukumbini tukilibeba mabegani.

Mkuu wa kitengo alitokea mlangoni. "Hii ni saa ya kufundisha."

"Ninafundisha," nilimjibu.

Mama mdogo alinyoosha miguu yake juu ya benchi, akawatazama wanafunzi mmoja mmoja. "Hawa wote wanataka kuona goti langu? Ningekuwa msichana wangelipia."

"Nyamaza kidogo, mama, usicheke sana."

"Kicheko nacho kinakondesha gegedu?"

"Hapana."

"Basi niache."

Alipumzika nusu saa kamili, akaingizwa, akapigwa kwa mpangilio uleule wa picha zile mbili. Sikusoma mimi. Nilimpa mwenzangu wa mwaka wa kwanza, bila kumwambia chochote, naye akapima kwa mkono na kwa programu, akatoka na karibu unene uleule wa mwaka jana. Upungufu ulikuwepo, mdogo, pale pale ulipokuwa. Mfupa haukubadilika. Kisha akaiweka kando ya picha ya Jumamosi, akasema neno moja la Kinyarwanda ambalo mwalimu wangu wa fikihi asingependa niliandike.

Yule daktari wa mifupa aliyemwambia mama mdogo akatwe nilimkuta akivaa joho lake la upasuaji. Alitazama picha tatu zikiwa zimepangwa, akaitikia kwa kichwa. Ni mtu mwelevu. Alielewa kabla sijamaliza.

"Basi vizuri," alisema. "Hatumkati. Nafasi imepatikana."

Nafasi imepatikana! Nilimwambia kwamba Jumamosi ile walipigwa watu wengi, wote wametoka kwenye majembe, wote wameingizwa palepale, na kwamba baadhi yao wamo katika orodha yake kwa sababu ya mwendo wa kupungua kwa gegedu. Nikamwambia hakuna mwendo uliopimwa. Kilichopimwa ni umuganda. Akasema jambo hilo ni la kitengo cha picha, yeye hupokea ripoti. Nikarudi kwa mkuu wa kitengo na picha zangu tatu. Mara hii alizitazama, namshukuru kwa hilo, na uso wake ulibadilika kidogo. Lakini nilipomtaka awaite wote wa Jumamosi ile, awapumzishe, awapige upya, alizima kioo cha kompyuta.

"Mzazi wako tumemrekebishia," alisema. "Hao wengine si ndugu zako."

Wiki moja kabla, hoja yangu ilikataliwa kwa kuwa nilikuwa ndugu. Sasa ilikataliwa kwa kuwa sikuwa. Sijapata kusikia, katika vitabu vyote vya jadali, elimu ya mabishano, nilivyosoma, mtu aliyeweza kuufunga mlango pande zote mbili kwa ufunguo mmoja hivyo. Nilimwambia maneno ambayo hayakustahili ofisi. Siyajutii, na hayakusaidia.

Jioni nilikwenda Biryogo. Mama mdogo alikuwa ameshapata habari zake na alikuwa akishona kwa kasi ya kuudhi. Jirani naye alikuwa amepata zake: hospitali ilimpigia simu. Nafasi iliyopatikana ilikuwa yake.

Nilikaa kwenye ngazi, chini yake, nikamweleza polepole. Nilimwambia kwamba naye alitoka kwenye mtaro. Nilimwambia sijui kama goti lake ni zima. Lilimuuma kwa haki na huenda kweli limechakaa. Nilichokuwa na haki ya kusema ni kwamba hatujui, na kwamba kwa nusu saa ya kukaa tungejua. Nikamwomba asikubali mpaka apigwe tena.

"Wanipigie wapi?" aliuliza. "Wamesema watanipiga tena?"

"Wamekataa. Nitamlilia mkurugenzi. Nina Jumanne yangu ijayo."

"Jumanne wageni wameshaondoka."

"Wataondoka, ndiyo."

Alikata uzi kwa meno, akaweka kitambaa mapajani. "Sikiliza, mwanangu. Huyu ana daktari nyumbani, mimi sina. Daktari wake akasema usikatwe, hakukatwa. Daktari wangu ni yule wa hospitali, na yeye amesema nikatwe, bure, wiki hii. Wewe umemtoa mama yako kwenye kisu. Mimi unataka kunitoa kwenye bahati."

"Hamna haraka kiasi hicho, dada," mama mdogo alisema. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimwita dada.

"Wewe nyamaza. Ulikuwa wa mbele, umeshuka, acha wengine wapande."

Asubuhi nilikwenda kwa mkurugenzi. Hakuwepo. Siku iliyofuata alikuwepo, akiwazungusha wageni hospitalini, akanipungia mkono kutoka upande wa pili wa ukumbi. Benchi lilikuwa limesharudishwa duka la dawa.

Jirani alipasuliwa mwishoni mwa wiki hiyo. Kidonda kilipona vizuri. Goti jipya halikunjiki vya kutosha kusujudu, wala kukanyaga pedali siku nzima. Mama mdogo humalizia nguo zake na za jirani, na pale msikitini jirani huswali juu ya kiti. Wengine waliopigwa picha Jumamosi ile hawakuitwa.